Moshi wa Nyamatope

Jumanne ya pili ya Februari, saa nne asubuhi, Rozalia Komba alitoka kwenye duka la stesheneri karibu na stendi ya Kibiti akiwa na karatasi kumi na sita za A3 zilizochapishwa kwa rangi. Duka halikuwa na mashine ya kuchapisha ramani kubwa kwa mkupuo mmoja, na yeye hakuwa mtu wa kupanda basi mpaka Dar es Salaam kwa ajili ya karatasi. Alirudi chumbani, akazipanga sakafuni, akaziunga kwa selotepu, akaitundika ramani ukutani kati ya dirisha na kabati. Kisha akaenda shuleni kusahihisha madaftari ya kidato cha pili. Aliporudi saa kumi jioni, ramani ilikuwa inatoa moshi.

Haukuwa moshi wa kuungua. Ulikuwa moshi mwembamba wa kuni, unaotoka kwenye alama ndogo nyekundu alizoziweka mwenyewe, kila alama na moshi wake. Alizihesabu zinazofuka: mia moja arobaini na tatu. Alama zote zilikuwa mia moja arobaini na sita, kwa hiyo kaya tatu zilikuwa hazijainjika. Aliliandika hilo kwenye daftari la utafiti, na tarehe, na saa, akafungua dirisha, akakaa kula.

Rozalia alikuwa mwalimu wa jiografia, mtoto wa bwana shamba aliyehamishwa kutoka Mbinga kuja Kibiti na akasahau kurudi. Alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya mipango ya miji na mikoa. Hakuwahi kufeli mtihani katika maisha yake, na hakuona kwa nini aanze. Tasnifu yake ilihusu kijiji cha Nyamatope, kilichoko bondeni upande wa Mkongo, na kusudi lake lilikuwa moja tu: kuthibitisha kwamba Nyamatope kuna watu.

Mtu wa mbali anaweza kushangaa jambo kama hilo kuhitaji shahada. Ngoja aelezwe. Watu wa Nyamatope wana nyumba mbili. Moja iko juu, kwenye mchanga, karibu na shule na zahanati, walikopelekwa babu zao serikali ilipowaondoa mtoni miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nyingine iko bondeni shambani, nayo ni dungu, kibanda kilichosimama juu ya nguzo kama mtu aliyekunja suruali avuke maji. Desemba wanashuka. Wanapanda mpunga, wanaulinda na ndege na nguruwe, maji ya mto yanakuja yanapita chini ya sakafu zao, yakipungua wanapanda mahindi kwenye tope lililobaki. Julai wanapandisha mavuno na kurudi juu kuozesha watoto na kuziba mapaa.

Sasa, makarani wa kuhesabu kaya walikuja juu mwezi wa Mei, wakakuta milango imefungwa na majani yameota uani, wakaandika: mahame. Picha ya setilaiti ya bondeni nayo ilichaguliwa ya Septemba, kwa kuwa Septemba hakuna mawingu, na ikaonyesha bonde tupu, wakaandika: eneo wazi. Kwa hesabu hiyo watu zaidi ya elfu moja walikuwa hawapo juu na hawapo chini. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri kwa wakati wake, na hilo ndilo linaloudhi zaidi.

Kwenye rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi, bonde la Nyamatope lilikuwa limepakwa rangi ya njano, rangi ya uwekezaji. Kamati ya mpango ilikuwa ikutane kuupitisha. Njano ikipita, mashamba yale yangepewa mtu mwingine, na wenye madungu wangeambiwa washuke ngazi zao kwa mara ya mwisho. Rozalia hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amekaa bondeni likizo nzima ya Desemba, akatembea kwa miguu na kifaa cha GPS shingoni, akapiga pointi ya kila dungu. Alilala kwa Bi Mwanamina, mjane wa miaka sitini na kitu, aliyelima shamba la mama yake, ambalo naye alilirithi kwa mama yake. Bi Mwanamina hakuwa na karatasi ya shamba hilo. Alikuwa na mgongo uliopinda kwa ajili yake.

Mwishoni mwa Februari Bi Mwanamina alikuja Kibiti kliniki ya presha, akapita kumsalimu.

"Shikamoo, Bi Mwanamina."

"Marahaba, mwalimu. Ndo hii?"

Aliisogelea ramani, akavuta pumzi ya moshi, akatambua kuni za mkaratusi za jirani yake. Watu walionekana wakiinama mashambani, wadogo kama chenga za mchele. Aliangalia kwa muda, kisha akaweka kidole.

"Umeniweka karibu mno na jirani yangu Mashavu. Kati yangu na Mashavu kuna kijito, na kijito hicho ndicho kinachotupatanisha."

Rozalia alileta kalamu, akasahihisha. Kijito kilijaa maji hapo hapo. Bi Mwanamina aliendelea kukagua, akatoa simu kwenye upindo wa khanga, akampigia bintiye aliyebaki shambani. "Salima, nguruwe watano, upande wa matete. Wanakuja kwa nyuma, si kwa mbele, wewe unaangalia mbele." Kwenye ramani mtu mdogo alishuka ngazi na debe, sauti ya debe ikasikika hafifu ukutani, nguruwe wakarudi matetani. Bi Mwanamina alikaa, akaomba chai isiyo na sukari kwa ajili ya presha.

Tangu siku hiyo simu ya Rozalia haikupoa. Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni alipigiwa na watu wa bondeni: mwalimu, hebu tuangalizie, ndege wameshatua kwa nani. Aliwaangalizia. Mwenyekiti wa kijiji, Ridhiwani, mwanamume mrefu asiyependa mikutano, alisema kwamba kwa miaka yake yote ya uongozi hii ndiyo ramani ya kwanza ya serikali kuwafaa. Rozalia alimweleza kwamba si ya serikali, ni ya tasnifu. Ridhiwani alisema basi tasnifu ziongezwe.

Machi mto ulipanda, na ramani ikaanza kuvuja kwenye selotepu. Mama Zawadi, mwenye nyumba, aliita mlangoni.

"Mwalimu, ukuta wangu nimeupaka rangi juzi tu."

"Samahani, Mama Zawadi. Ni mafuriko."

"Ya wapi?"

"Ya Nyamatope."

"Haya, tia beseni."

Rozalia alitia beseni. Kila jioni alimwaga maji ya kahawia kwenye migomba ya uani, na Jumamosi moja akakuta kambale wanne ndani yake. Mama Zawadi aliwakaanga. Alisema wana ladha ya tope lakini si vibaya.

Msimamizi wa tasnifu aliitwa Dakta Gasper. Alikuwa mtu mwema, mwenye kujibu barua pepe siku hiyo hiyo, na pia alikuwa mshauri wa kitaalamu wa kamati ya mpango, maana wataalamu wa mipango nchini si wengi na inabidi wagawane vikao. Alikuja Kibiti mwezi wa Aprili, akasimama mbele ya ramani huku viatu vyake vikilowa. Alivutiwa.

"Kazi nzuri," alisema. "Umekosea kitu kimoja. Haina ufunguo."

"Ufunguo ninao, Dakta. Tatizo ni rangi. Orodha ya rangi za matumizi ya ardhi ina kumi, na hakuna ya watu wanaokaa mahali miezi saba."

"Basi hao si wakazi. Makazi ni ya mwaka mzima."

"Na mwanafunzi wa hosteli anayekwenda kwao likizo?"

Dakta Gasper alicheka, kicheko cha mtu aliyependa swali na hana nia ya kulijibu. Alimwambia aliandike kwenye mapendekezo.

Rozalia alitetea tasnifu yake Juni, chuoni, ghorofa ya nne, mbele ya maprofesa watatu. Ilikuwa katikati ya mavuno. Ramani ilitundikwa kwenye ubao, na chumba kikajaa harufu ya mpunga mbichi na sauti za watu wakipura. Rozalia aliongea dakika ishirini bila kuangalia karatasi. Profesa wa kushoto alimwuliza sauti zinatoka wapi.

"Nyamatope, Profesa."

"Zipunguze kidogo."

"Hazipungui. Wana haraka, mvua ya mwisho inakuja."

Profesa aliandika kitu. Yule wa katikati aliuliza skeli, yule wa kulia aliuliza mapitio ya machapisho, na makapi ya mpunga yaliwaangukia mabegani wakayapangusa. Walimtoa nje, wakamwita baada ya robo saa. Amefaulu, daraja la A, na marekebisho madogo: madungu yaondolewe kwenye ramani kuu na kuwekwa kwenye kiambatisho, kwa kuwa kinachokuja na kuondoka hakiwekwi kwenye ramani. Rozalia alibisha. Walimsikiliza kwa heshima. Mwisho alikubali, na alikubali kwa hesabu zake: chuo kitapata nakala iliyotulia, lakini kamati itaiona ramani yenyewe, inayofuka, na hakuna mtu mwenye pua atakayesema bonde lile ni tupu.

Kamati ilikutana tarehe ishirini Agosti, katika ukumbi wa Kibiti, saa tatu kamili. Ridhiwani alikuja na watu arobaini kutoka Nyamatope kwa lori la mchanga. Bi Mwanamina alivaa khanga mpya, akakaa mstari wa pili, mikono magotini. Rozalia alipita katikati ya viti na ramani yake begani, imeviringishwa kama jamvi, akiwasalimu kwa majina. Alikuwa amejiandaa kwa kila swali. Alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayesema moshi ni wa kutengeneza, na kwa mtu atakayesema maji yatamharibia faili.

"Hotuba nyingi za nini?" Ridhiwani alimwambia kwa sauti ya chini. "Mwenye macho haambiwi tazama."

Waliitundika. Wajumbe wakainuka kuitazama.

Ramani ilikuwa kavu. Tope lilikuwa limepasuka vipande vipande mpaka selotepu inachanika. Madungu yalisimama yote, mia moja arobaini na sita, mikeka imeteremshwa milangoni, na hakuna hata moja lililotoa moshi. Kunguru mmoja alitembea kwenye mabua. Dungu la Bi Mwanamina lilikuwa na ngazi iliyolazwa chini, jinsi mtu anavyoilaza anapoondoka kwa muda mrefu. Bi Mwanamina mwenyewe alikuwa mstari wa pili.

Rozalia alielewa kabla ya mtu mwingine yeyote ukumbini. Alijiandaa kwa watu watakaoikataa ramani. Hakujiandaa kwa ramani kusema kweli. Ilikuwa Agosti, na Agosti bondeni hakuna mtu, na ramani yake haikujua kusema uongo hata kwa ajili ya watu wake.

Alisimama hata hivyo, akaeleza. Alieleza vizuri, msimu kwa msimu, akaonyesha daftari lenye tarehe na saa. Mwenyekiti wa kamati alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Mwalimu, sasa hivi bondeni kuna watu?"

"Sasa hivi hawapo. Wapo hapa."

"Wapo hapa," alirudia mwenyekiti, na karani akaandika. "Kwa hiyo kule hawapo."

"Rudieni kikao hiki Machi, mtawaona."

"Machi barabara haipitiki."

"Haipitiki kwa sababu ya maji, na maji yakiwapo ndipo watu wapo."

"Ndiyo maana tunakutana Agosti," alisema mwenyekiti, bila ubaya wowote.

Bi Mwanamina alinyoosha mkono, akasimama kabla hajaruhusiwa. "Mie nimekuja kwa kuwa mmeniita. Nisingekuja, mngesema sina habari na ardhi. Nimekuja, mnasema shambani sipo. Nichagulieni basi nikae wapi niwepo."

Alishukuriwa. Mchango wake ulipokelewa na kuwekwa kwenye kumbukumbu za kikao. Dakta Gasper, aliyekuwa akiangalia meza, aliombwa athibitishe kitaalamu, akasema kwamba ramani ya mwanafunzi wake ni sahihi, tena ni sahihi kuliko zote alizowahi kusimamia. Rangi ya njano ikapitishwa kwa kauli moja kwa miaka ishirini. Chini ya jedwali la tatu, kwenye chanzo cha taarifa, waliandika jina la Komba na mwaka.

Nje ya ukumbi Rozalia alishindwa kuiviringisha ramani kwa hasira, ikambidi Ridhiwani amshikie ncha moja. Alilia pia, mbele ya watu wa lori zima. Bi Mwanamina alimfuta kwa upindo wa khanga mpya.

"Usijilaumu, mwanangu. Ingekuwa ramani ya uongo ningekuwa na aibu nayo." Kisha akapanda mbele, karibu na dereva, kwa sababu ya mgongo. "Desemba nashuka. Mbegu nimeshatenga."

Novemba Rozalia alivaa joho. Alishika nafasi ya kwanza katika kundi lake, akapiga picha, akaituma kwa baba yake, na alijivuna, kwa maana kazi aliifanya na aliifanya sawasawa. Aliandikia kamati barua ya kurasa nne akiomba mpango urejewe, akanukuu sheria kifungu kwa kifungu. Alijibiwa haraka: mpango hurejewa baada ya miaka kumi, na ombi lake limepangiwa kikao cha mwezi wa Agosti wa mwaka huo wa kumi. Aliandika nyingine siku ile ile. Hakuwa na nia ya kuacha.

Wiki ya pili ya Desemba, alipotoka shuleni, alikuta chumba kimejaa moshi. Alifungua dirisha, akahesabu: tisini na moja, na wengine bado njiani na magodoro vichwani. Aliandika tarehe na saa. Bi Mwanamina alikuwa ameshasimamisha ngazi.

Katikati ya Januari, Alhamisi, siku ambayo hakuwa na kipindi cha asubuhi, aliona gari jeupe likiingia kwenye ramani kutoka upande wa barabara ya Mkongo. Lilikwama mahali anapokwama kila mtu asiyejua. Walishuka watu wanne wenye fulana za kung'aa na fimbo za kupimia, wakaingia matetani kwa miguu, wakazunguka, wakarudi palepale, wakazunguka tena. Walitembea hivyo mpaka saa sita, wakipita kati ya mashamba yaliyokuwa na watu wakipalilia kila upande. Rozalia alimpigia simu Bi Mwanamina.

"Nawaona," alisema Bi Mwanamina. "Wamepotea hao. Mmoja amepoteza kiatu."

"Ni wapimaji wa njano, mama."

"Najua ni nani. Jua hili litawaua."

Rozalia alimwona akishuka ngazi moja moja, mkono kiunoni, akakata njia ya kati hadi walipokuwa. Wale wanne walimsalimu kwa adabu, hilo lilionekana wazi, waliinamisha vichwa. Walikaa kivulini chini ya dungu lake. Aliwapa maji, kisha uji wa mchele, na Salima aliwaoshea kiatu kimoja kilichopatikana. Walimwuliza njia ya kufika mpaka wa kaskazini wa eneo. Bi Mwanamina aliwapeleka mwenyewe, akitangulia mbele, akiwaonyesha pa kukanyaga, kwa kuwa pale kuna vijito vitatu na kimoja hakina chini. Alisimama nao mpaka wakachomeka mawe yao manne ya mipaka, la mwisho hatua kumi kutoka kwenye jiko lake. Kisha akawarudisha mpaka kwenye gari, akawaitia vijana wa kulisukuma. Walimshukuru sana, wakamwita mama.

Ripoti yao ilitoka baada ya siku kumi. Dakta Gasper alimtumia Rozalia nakala, akimwomba apitie majedwali, kwa kuwa hakuna anayelijua eneo lile kuliko yeye. Alianza kusoma mwanzo, kalamu mkononi, dirisha wazi, moshi ukimpita kichwani kwenda nje. Ukurasa wa pili, aya ya kwanza, ulieleza kwamba timu ya watu wanne ilizunguka eneo lote la Nyamatope kwa siku moja, mpaka hadi mpaka, na haikukuta mtu.